Fundi Aliyelaza Maji

Kwetu Kilakala mafundi hawakosekani. Yupo fundi umeme, fundi cherehani, fundi wa majokofu, na fundi pikipiki ambaye jioni huwa kinyozi. Lakini ukisema "Fundi" peke yake, bila kuongeza neno, mtaa mzima unajua unamsema nani: mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma kichwani na penseli nyuma ya sikio la kushoto, aliyejenga mabafu na hakujenga kitu kingine. Ukimwita akujengee uzio, alikuelekeza kwa mtu mwingine. Ukimwita kwa sakafu ya sebule, alikuuliza kama sebuleni huwa unaoga.

Alizaliwa wapi, kabila gani, ufundi alijifunza kwa nani, sijui, na sikumwuliza. Ninayoyajua niliyapata kwa kuchekecha naye mchanga, kubishana naye, kumdanganya mara moja na kushikwa. Mimi ni mwanamke mtu mzima, mwalimu wa Jiografia, na hadi leo nikianza kumsimulia natokwa na maneno kama mtoto aliyetoka kuona treni. Wenzangu kazini wamenizoea. Wakiona nimeanza na habari za sakafu ya bafu, wanavuta viti au wanakimbia.

Nilimtafuta kwa sababu ya mama yangu. Mama alianguka kule Mgeta, juu mlimani, kwenye jiwe lenye utelezi alikokuwa anaoga, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alikwenda kukaa Mzumbe kwa kaka yake, mjomba wangu, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa na bafu lisiloingilika kwa mtu mwenye fimbo. Kwa Mjomba aliogeshwa na wakwe wa nyumba ile, wawili wawili, mmoja amshike na mwingine amwagie. Walimpenda na hawakuchoka. Lakini Mama, aliyelima matuta ya kabichi mlimani miaka yote ile na kutusomesha kwa mgongo wake, aliniita pembeni siku moja akaniambia, "Kuoga na kuogeshwa ni vitu viwili, mwanangu. Mimi sijaoga tangu nianguke."

Akasema kama mjini hakuna pa kuoga mwenyewe, basi arudishwe mlimani, akaogeshwe kwao. Kwetu Waluguru neno la mjomba ni zito, na Mjomba alikuwa upande wa dada yake. Alinipa wiki tatu. Zikiisha, lile gari linaloshusha mboga lingempandisha Mgeta, ambako aliyebaki ni shangazi mmoja asiyeona vizuri. Nililala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Fundi alikuja asubuhi ya Jumamosi na mfuko wa salfeti begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yameshatangulia ndani. Nikamwonyesha bafu langu kwa fahari kidogo, maana lilikuwa na marumaru nyeupe za kung'aa, na kijana aliyelijenga alisifiwa na kila aliyeliona kwa unyoofu wa kazi yake. Lilikuwa na kasoro moja: ukishaoga, maji yanabaki. Unayasukuma mpaka kwenye tundu, ukigeuka yamerudi.

Akaomba kikombe cha maji. Nikadhani ana kiu. Akayamimina yote katikati ya sakafu, akachuchumaa, akayatazama. Mimi nikasimama. Yeye akaendelea kuyatazama. Maji hayakwenda popote. Kisha akafungua kitambaa akatoa pimamaji, ile rula ya mafundi yenye kijichupa na kiputo ndani, akailaza sakafuni huku na huku. Kiputo kikatulia katikati kila mahali.

"Aliyejenga hapa ni fundi mzuri sana," akasema. "Amenyoosha mpaka maji yamekosa pa kwenda."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunabomoa. Mwalimu, unafundisha somo gani?"

"Jiografia."

"Na mito imo?"

"Imo."

Akanitazama, akalitazama lile ziwa. Aibu niliyoiona siku ile sijaiona hata mbele ya mkaguzi.

Nilitegemea aanze kubomoa Jumatatu. Badala yake akasema anataka kumwona atakayeoga. Nikamweleza kwamba ni mama yangu, ni mzee, anatembelea fimbo, nikafikiri hayo yametosha. Hayakutosha. Tukaenda Mzumbe mimi na yeye, akakaribishwa kiti mbele ya Mama, wakazungumza kwanza mvua na ukungu na wadudu wa kabichi. Halafu, kama anaendeleza habari ya kabichi, akauliza, "Mama, ukioga huwa unasimama au unakaa?"

Mjomba akakohoa. Si swali la mwanamume mgeni kumwuliza mwanamke mzima. Lakini Mama akacheka, na mimi nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu hospitali.

"Nakaa," akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani, kile cha kupanda na kushuka. "Kwetu nilikuwa na jiwe langu."

"Urefu wake?"

Mama akaonyesha kwa kiganja, chini kidogo ya goti. Fundi akavuta penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha boksi.

"Kata unashika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kwa hiyo ndoo iko kushoto."

"Kulia, Fundi. Mbona nijivuke mwenyewe?"

"Nisamehe. Na ukimaliza, unainuka kwa kushika nini?"

Mama akaitazama fimbo yake. "Zamani sikuwa nashika kitu."

"Na sasa?"

"Sasa nashikwa mimi."

Fundi akaandika na hilo.

Kwa habari ya mchanga alikuwa mtu wa hatari. Sijaona mwanadamu anayeuheshimu mchanga namna ile. Lori lilipofika getini, aliteka gao moja la mkono, akalisugua karibu na sikio akisikiliza. Kisha akaujaza kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akamwaga maji juu, akatikisa, akaiweka kwenye kizingiti na kumwambia dereva akae kivulini asubiri. Baada ya muda juu ya mchanga kukatanda tope la rangi ya chai ya maziwa, unene wa vidole viwili.

"Huu ni shamba," Fundi akasema. "Kapande mahindi."

Dereva akaja juu. Akasema huo huo ndio uliojenga nusu ya Morogoro. Fundi akamjibu kwa upole kwamba ndiyo maana yeye hakosi kazi. Lori likarudi na mzigo wake. Mchanga wa pili nao ukarudi, kwa sababu ulimeta kupita kiasi, na yeye aliamini chembe zinazometa haziishiki saruji. Wa tatu akaukubali, na hata huo tukauchekecha na kuuosha mimi na yeye mpaka mikono yangu ikachubuka. Nilipenda kila dakika. Sijui kwa nini sikuambiwa mapema maishani kwamba kuna raha kama hiyo.

Kuchanganya alinifundisha kwa kunikataza. Kila nilipotaka kuongeza maji, alisogeza ndoo. Alitaka mchanganyiko mkavu, ambao ukiufinya mkononi unashikana kama tonge la ugali wa jana, na ukiuachia kiganja kinabaki bila unyevu. "Saruji inataka kunywa, haitaki kuogelea," alisema. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameuandika usemi huo kwenye madaftari yao kwenye mada ya miamba, ingawa haumo kwenye muhtasari.

Alikuwa na misemo mingi ya kwake, na ile ya wenzetu aliipinga. Ukimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, alijibu kwamba ufa hauzibwi, ufa unaulizwa umetoka wapi. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikuambia hata polepole haina baraka kama unapeleka mteremko upande usio wake. Usemi alioukariri zaidi ulikuwa huu: maji hayasikii maombi, yanasikia mteremko. Mimi ni Mkatoliki wa kwenda kanisani, yeye alikuwa Mwislamu asiyekosa Ijumaa, na hakuna aliyekwazika.

Mteremko wenyewe ndio ulionitia wazimu. Nilidhani unajengwa mmoja, ule tunaoukanyaga. Kumbe Fundi alijenga miwili. Alichimba kwanza sakafu nzima kwenda chini, ili Mama asije akavuka kizingiti. Akalaza tabaka la kwanza la mchanga na saruji, likiteremka kutoka kila ukuta kuelekea kwenye tundu, kila hatua moja kwa unene wa kidole. Juu yake akatandaza nailoni nene nyeusi, kipande kimoja kisicho na kiungo, akaipandisha ukutani kama unavyopandisha shuka kwenye godoro la mtoto anayekojoa. Ndipo juu ya nailoni lije tabaka la pili, na juu ya hilo marumaru. Nikamwuliza kwa nini mteremko wa chini, ambao hakuna atakayeuona.

"Maji yatauona," akasema.

Akanieleza kwamba marumaru haizuii maji, inayachelewesha tu. Mengine hupenya kwenye viungo yakashuka mpaka kwenye nailoni, na yakikuta pamenyooka yanakaa humo yakioza. Kwa hiyo kando ya tundu, chini kabisa, kuna vitundu vidogo vya kuyapokea hayo yaliyopotea njia, na Fundi alivizungushia kokoto ndogo moja moja kwa vidole ili saruji isivizibe. Mzee mzima amelala kifudifudi, kofia imegeuka nyuma, anapanga kokoto ambazo hakuna jicho litakaloziona tena. Nililala karibu naye nikimulika kwa tochi ya simu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna wiki tatu.

Marumaru za kung'aa alinikatalia. Mimi nilitaka nyeupe kama za hotelini. Hakubishana. Alichukua moja ya zile za zamani, akailaza uani, akaipaka maji ya sabuni, akaniomba nisimame juu yake pekupeku. Nilisimama kwa muda wa kutosha kusema neno moja, na neno lenyewe sitaliandika. Tukachagua ndogo ndogo, za rangi ya udongo, zisizong'aa, zenye viungo vingi vya kushika unyayo.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mwongo wa umri. Mara alisema ana miaka sitini, mara sabini na tano, kutegemea kama anataka kusifiwa au kuhurumiwa. Aliyehubiri subira kwenye saruji alikula wali na maharage kama anafukuzwa, akamaliza kabla sijakaa. Alichukia kutazamwa akifanya kazi, na akachukia zaidi mwenye nyumba akiondoka. Pimamaji aliibeba kila siku kwenye kitambaa chake, aliifuta, aliitia mafuta, na kwenye mteremko wangu hakuitumia hata mara moja. Alitumia uzi na jicho. Nilipofika kwake siku moja kumpelekea dawa ya mgongo nikaona anapoogea yeye: bati nne zimesimamishwa na jiwe bapa katikati. Nikamtania kwamba mganga hajigangi.

"Mimi tayari naoga peke yangu," akajibu. "Nijijengee ya nini?"

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu.

Fundi alikuwa na desturi aliyoiita kulaza maji. Nailoni ikishatandikwa, kabla ya tabaka la juu, aliziba tundu kwa kitambaa na mpira, akaweka tuta la matofali mlangoni, akajaza maji mpaka kifundo cha mguu. Kisha akapiga mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofika, na mwenye nyumba akatia sahihi yake kando ya mstari. Maji yalale humo usiku mmoja na mchana mmoja. Mstari usiposogea, kazi inaendelea. Ukisogea, kazi inarudi mwanzo. Alipotandika nailoni Ijumaa asubuhi akaniambia atalaza maji Jumapili, na kwamba mtu yeyote asikanyage humo.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwangu. Akina mama walikuja, tukasali, tukanywa soda, na mimi mdomo wangu haukutulia. Nikawasimulia mteremko wa siri. Wakataka kuuona. Kila mmoja alikuwa amevua viatu mlangoni, kama ilivyo adabu, wamekaa sebuleni pekupeku. Na hapa ndipo malezi yetu yaliponimaliza, kwa sababu kwetu sebuleni unavua viatu, lakini bafuni huingii bila viatu hata kama nyumba inaungua. Wakainuka wote, wakaenda mlangoni, wakavaa. Wengine walikuwa na kandambili. Mwenyekiti wetu alikuwa na viatu vya kanisani, vyenye kisigino. Wakaingia mmoja mmoja, wakasifu, wakatoka. Nami nikasimama pale nimejaa furaha kama bibi harusi.

Jumapili maji yakalazwa. Jumatatu asubuhi yalikuwa yameshuka upana wa kidole chini ya sahihi yangu.

Fundi akachuchumaa. Nami nikamwahi. "Yatakuwa yamekauka tu, Fundi. Kuna joto, na maji hugeuka mvuke."

Akanyoosha kidole kwenye kona. Pale juu ya tofali kulikuwa na beseni la bluu, amelijaza maji Jumapili ile ile, nalo lina mstari wake wa penseli. Maji ya beseni yalikuwa pale pale kwenye mstari.

"Mvuke wako umechagua," akasema.

Ndipo nikaungama. Nikataja soda, jumuiya, viatu na kisigino. Nilitegemea anifokee, na ningestahili. Akaniuliza wale akina mama walitaka kuona nini.

"Mteremko."

"Wakauona?"

"Wakausifu sana."

Akatikisa kichwa taratibu, na nakuapia alifurahi, japo alijificha kwa kuvuta pua. Kisha akaanza kuing'oa nailoni yote. Nikamsihi aweke kiraka, maana gari la Mgeta lilikuwa linakuja Jumatano. Akasema kiraka ni cha suruali. Nikamsihi basi, akiweka mpya, asilaze maji tena, tuokoe siku. Akasimama, akakunja uzi wake kwenye kijiti.

"Mwalimu, mimi nikiondoka utapata fundi wa kukufanyia hivyo leo leo. Wapo wengi na ni watu wazuri. Lakini mama yako atakuwa anaoga juu ya kitu tusichokijua, mimi na wewe."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Nilimwona Mama kwenye gari la mboga, amefungiwa blanketi, anapanda zile kona. Fundi hakunibembeleza. Alisema tu nimpigie Mjomba, nimwambie ukweli.

Mjomba alikuja Jumatano, mwenyewe, na gari. Aliingia na uso wa mtu aliyekuja kumaliza maneno. Akakuta nailoni mpya, bafu limejaa maji, na Fundi amekaa mlangoni kama mlinzi. Walisalimiana. Mjomba akauliza kwa nini bwawa liko ndani ya nyumba. Fundi akamweleza yote, pamoja na kisigino, sikupenda lakini akaeleza, halafu akamnyooshea penseli.

"Tia sahihi hapo, Mzee. Urudi kesho. Mstari ukishuka, mpeleke dada yako mlimani, nami nitakusaidia kumpakia."

Mjomba ni mtu aliyetia sahihi mambo mengi kwa niaba ya ukoo wetu, mashamba na mahari. Alichuchumaa kwa shida, akaandika jina lake lote kamili ukutani mwa bafu. Gari likapanda Mgeta bila Mama. Alhamisi akarudi mapema kuliko Fundi, akavaa miwani, akautazama mstari kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yameligusa jina lake pale pale. Alipoinuka aliniambia, "Mpwa wangu, malizeni," akaondoka hata chai hakunywa.

Tukamaliza. Kiti cha saruji kikajengwa chini kidogo ya goti, ndoo ikapewa pahali pake kulia, na ukutani kikawekwa chuma cha kushika pale hasa mkono unapofika mtu akitaka kuinuka. Fundi akamwaga kikombe cha maji kwenye kona ya mbali. Yakajikusanya, yakasita, yakaanza safari, yakazunguka mguu wa kiti na kutumbukia kwenye tundu. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwomba amwage tena, akamwaga, nikapiga kelele tena.

Mama akahamia. Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo alioga peke yake, na watu wote niliowasimulia habari hii niliwaambia hivyo. Si kweli. Siku ya kwanza nilisimama ndani kumwangalia, nikiwa nimemshika bega. Siku ya pili vile vile. Niliambiwa na daktari awe mwangalifu, nami uangalifu huo nikauchukua wote mwenyewe. Wiki zikawa miezi, na miezi ikatimia miaka miwili, kila asubuhi mimi ndani, mikono ya gauni imekunjwa, namshika na kumwagia. Mama hakulalamika. Angelalamika ningejitetea. Mara moja tu aliniuliza kama sijachoka kuloa.

Fundi kwa wakati huo alikuwa ameshaacha kazi. Magoti yalimkatalia, jicho moja likaingia ukungu, akaenda Dumila kuishi kwa binti yake anayeuza vitunguu barabarani. Nilisikia habari zake kwa kupokezana. Asubuhi moja ya mwaka huu, Jumamosi, nikiwa bafuni na Mama, nikasikia hodi nje, sauti ninayoijua.

"Karibu, Fundi," nikaita. "Kaa sebuleni, nakuja, namwogesha Mama."

Halafu nikasikia fimbo ikija kwenye korido.

"Unamfanya nini?"

Nikatoka, nikaurudisha mlango. Alikuwa amekonda, suruali imemshinda kiuno, lakini penseli ilikuwa sikioni. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa anatazama kandambili zangu zinazochuruzika.

"Amewahi kuteleza humo?"

"Hajawahi. Namshika."

"Ulimwachia lini, ukaona kwamba atateleza?"

Nikaanza kumweleza umri wa Mama, nyonga, daktari, akanisikiliza mpaka mwisho kama alivyomsikiliza yule dereva wa mchanga.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikujenga pa kuogeshea. Ningeambiwa hivyo ningetandika saruji siku moja nikaenda zangu."

Akavuta kiti cha korido, akanionyesha nikae, naye akakaa kwenye stuli, fimbo yake ameilaza kupita mbele ya magoti yangu. Nikasema kwa sauti, "Mama, niko huku nje." Tukasikia kata ikichota. Maji yakamwagika, na baada yake ule mkoromo mdogo wa maji yakiingia kwenye tundu, moja kwa moja, bila kusitasita. Fundi alifumba macho kuusikiliza. Kisha kitu kikaanguka kwa kishindo, nami nikainuka. Fimbo ikanizuia.

"Hiyo ni kata," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Kimya kikawa kirefu. Nilihesabu pumzi zangu, nikamchukia yule mzee kwa moyo wote, nikamwomba Mungu, nikakumbuka maji hayasikii maombi na nikaendelea kuomba. Mara kata ikachota tena. Ikamwaga, ikachota, ikamwaga, bila haraka, kwa mapigo ambayo mimi sikuwahi kummwagia, yenye kupumzika katikati. Nikatambua kwamba miaka miwili nilikuwa namwogesha kwa haraka zangu.

Halafu tukasikia miguu yake ikija, unyayo na fimbo, unyayo na fimbo, mpaka kwenye mlango. Nikajiandaa kumpokea. Badala ya mlango kufunguka, tukasikia komeo likisukumwa kwa ndani mpaka mwisho, na miguu ikarudi ilikotoka.

"Nyie mnaonisikiliza hapo mlangoni," Mama akasema, "nendeni mkanywe chai. Mimi bado naoga."

Fundi akaondoa fimbo magotini mwangu. Nikainuka nalia na kucheka, nikaenda kubandika chai.